Kutunza mshono wa upasuaji na malengelenge yanayojitokeza kando yake

Bandeji ya kwanza inapofunuliwa, macho ya wote hukimbilia mshono. Mshono unakutwa umetulia, lakini pembeni, pale ulipopita ukingo wa plasta, kuna lengelenge limejaa maji, pengine mawili matatu yamejipanga mstari mmoja. Hapo hofu huingia. Antibiotiki zinanunuliwa bila kuandikwa na daktari, sindano inatafutwa ya kulitoboa, iodini inapakwa asubuhi na jioni. Mara nyingi lengelenge la namna hii halina vijidudu wala halikuletwa na kisu cha upasuaji. Limeletwa na plasta. Kinachogeuza jambo dogo kuwa kidonda cha pili ni yale yanayofanywa baada ya hapo.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa aliyerudi nyumbani na anayemuuguza. Ikiwa daktari aliyekupasua amekupa maelekezo tofauti, fuata yake, maana yeye ndiye anayejua alikata wapi, alishona nini na kwa uzi gani.

KINACHOENDELEA CHINI YA BANDEJI

Ukielewa ratiba ya mwili utajua lini utulie na lini ushtuke. Dakika chache baada ya kushonwa, damu huganda na kuziba mkato. Kisha huja siku tatu hadi tano za uvimbe: mshono unauma, una joto kidogo, kingo zake zimenyanyuka, na majimaji mepesi ya manjano au ya waridi yanachuruzika kidogo. Huo ni usafi unaofanywa na chembe nyeupe za damu, si ugonjwa. Wakati huohuo seli za ngozi ya juu hutambaa kutoka kila ukingo na kukutana katikati. Mkato ulioshonwa kingo kwa kingo huwa umezibwa juu ndani ya saa 24 hadi 48. Ndiyo sababu bandeji ya chumba cha upasuaji huachwa bila kuguswa kwa siku mbili: baada ya hapo vijidudu vya nje havina tena mlango mpana wa kuingilia.

Kuzibika si kupona. Mwishoni mwa wiki ya kwanza kovu lina nguvu ndogo sana, na kinachoshika kingo zisiachane ni nyuzi. Wiki ya tatu kovu huwa na takriban asilimia 20 ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Baada ya miezi mitatu hufikia karibu asilimia 80, na haliendi mbele zaidi ya hapo. Ukichanganya hili na ukweli kwamba tumbo hushonwa kwa tabaka (utando mgumu unaofunika misuli, mafuta, kisha ngozi) utaona kwa nini mtu ambaye mshono wake wa nje unapendeza bado hukatazwa kubeba ndoo ya maji.

Si kila kidonda hushonwa. Kilichokuwa na usaha au uchafu mwingi huachwa wazi makusudi kijae nyama kutoka chini kwenda juu, au hushonwa siku tatu hadi tano baadaye kikishasafika. Kidonda cha namna hiyo kinahitaji kujazwa gozi na mtu aliyefundishwa, na muda wake ni wiki au miezi. Hatua zinazofuata hapa ni za mshono uliofungwa.

VIFAA

Huhitaji vingi. Gozi safi za pakiti, za kusafishia na za kufunikia. Gozi isiyonata, au ile iliyolowekwa mafuta ya mgando, kwa ajili ya malengelenge. Bandeji ya kuzungushia, laini na yenye mvutiko mdogo. Plasta ya karatasi, ambayo huivuta ngozi kidogo kuliko plasta za kitambaa au za plastiki. Mkasi uliosafishwa, sabuni, kalamu, na kipimajoto.

Maji ya kusafishia yawe ya chumvi kutoka duka la dawa, au maji safi ya kunywa. Ukitaka kutengeneza mwenyewe: chemsha lita 1 ya maji, weka gramu 9 za chumvi laini, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa kwa kisu, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, na umwage yanayobaki baada ya saa 24. Chumvi ikizidi itachoma na kukausha tishu. Haiui vijidudu vya ziada.

Pamba usiiweke juu ya mshono. Inaacha nyuzinyuzi zinazonasa kwenye kingo na kuwa maskani ya vijidudu.

KUBADILISHA BANDEJI

Kwa saa 48 za kwanza usifungue, isipokuwa bandeji imelowa hadi nje, imelegea, au umeambiwa ufungue. Ukiona doa la damu, chora mpaka wake kwa kalamu na uandike saa. Doa lisilovuka mstari halina shida. Likivuka, kandamiza kwa kiganja juu ya bandeji dakika 10 hadi 15 mfululizo bila kuchungulia. Kuchungulia kila dakika mbili hung'oa bonge la damu lililoanza kuziba, na unaanza upya. Damu ikiendelea baada ya hapo, nenda hospitali.

Ukifika wakati wa kubadilisha:

1. Panga vifaa vyote mezani kabla ya kugusa bandeji. Kusimama katikati kutafuta mkasi ndiko kunakochafua mikono.

2. Nawa mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, ukipita katikati ya vidole, kwenye vidole gumba na chini ya kucha. Kausha kwa kitambaa safi.

3. Bandua bandeji ya zamani polepole (namna yake imeelezwa mbele). Gozi ikiwa imeshika, ilowanishe kwa maji ya chumvi, ngoja dakika tano, ujaribu tena. Usiing'oe ikiwa kavu, kwani unaondoka na ngozi changa ya juzi.

4. Nawa tena.

5. Tazama kabla ya kusafisha. Fanya hivyo kwenye mwanga wa mchana, mahali palepale kila siku. Kingo zimekutana? Kuna sehemu imekuwa ngumu? Pitisha mgongo wa vidole karibu na mshono, kisha upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu. Wekundu huo hujitokeza kama weusi uliozidi, zambarau au kijivujivu, na kwa baadhi ya watu hauonekani kabisa. Joto, ugumu, uvimbe na maumivu yanayoongezeka ndivyo vya kutegemea. Picha moja ya simu kila siku, kwa umbali uleule, humsaidia sana daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.

6. Lowesha gozi, futa kutoka kwenye mshono kwenda nje, mara moja, itupe. Gozi nyingine kwa upande mwingine. Usirudi ndani na gozi iliyokwishagusa ngozi ya nje. Kigaga kilichoshika kiache.

7. Kausha kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Mkato ulio kwenye mkunjo, kama ule wa chini ya tumbo wa kujifungulia, unahitaji uangalizi zaidi hapa: tumbo likiuangukia, jasho hubaki humo, ngozi inakuwa nyeupe na laini, kisha inaachia. Nyanyua mkunjo, kausha vizuri, uweke gozi kavu katikati na uibadilishe kila inapopata unyevu.

8. Funika tena ikiwa bado unachuruzika au unasuguana na nguo. Mshono mkavu wa siku ya tatu au ya nne unaweza kuachwa wazi.

Hidrojeni peroksaidi, spiriti, iodini kali na kloroksilenoli (kama Dettol) havina kazi ya kila siku kwenye mshono safi. Vinaua vijidudu, ndiyo, lakini vinaua pia seli changa zinazojenga ngozi. Unga wa vidonge vya antibiotiki ni mbaya zaidi: unatengeneza ukoko unaoficha usaha, unazoesha vijidudu dawa, na wengine unawaletea mzio. Na ile imani kwamba kidonda lazima kikae wazi kikauke ndipo kipone ilishapingwa zamani. Mwaka 1962 George Winter alionyesha, kwa majeraha ya juujuu kwenye ngozi ya nguruwe, kuwa jeraha lililofunikwa na kubaki na unyevu huota ngozi mpya takriban mara mbili ya kasi ya lililoachwa wazi. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa lengelenge lililopasuka.

Kuoga kwa maji yanayotiririka kunaruhusiwa kwa kawaida baada ya saa 48, ukiacha maji yapite juu bila kusugua. Kulala ndani ya beseni au kuogelea kungoje hadi nyuzi zitolewe na mshono uwe umefunga kabisa, kwa wengi wiki mbili hadi tatu.

LENGELENGE LIMETOKA WAPI

Kabla ya kulitibu, soma mahali lilipo, umbo lake, na siku lilipotokea. Vitu hivi vitatu vinajibu karibu kila kitu.

Lililo kwenye ukingo wa plasta, refu au la duara, lenye maji meupe, siku ya kwanza hadi ya tatu: ni la mvuto. Baada ya upasuaji ngozi huvimba, lakini plasta isiyovutika haivimbi nayo. Mgonjwa akikunja goti au nyonga, plasta inabaki palepale huku ngozi ikisogea, na tabaka la juu linaachana na la chini. Nafasi inayobaki hujaa maji. Upasuaji wa nyonga na goti ndio unaoongoza kwa hili, kwa kuwa huvimba sana na viungo vyake havitulii.

Vipele vidogo vingi vyenye maji, vinavyowasha kuliko kuuma, vimechora umbo kamili la plasta, la gundi ya mshono au la mahali palipopakwa dawa: ni mzio. Kwa aliyewahi kukutana na kitu hicho hutokea ndani ya siku moja hadi tatu, na kwa asiyewahi huweza kuchukua wiki moja au mbili. Mafuta ya antibiotiki yenye neomaisini ni chanzo kinachosahaulika sana, kwa sababu mtu hudhani anatibu kumbe ndiyo yanayomchoma, basi anaongeza mengine.

Lililo mbali na mshono, mgongoni, makalioni au chini ya mkanda wa kubana damu, siku ya kwanza: huenda dawa ya kusafishia ngozi ilituama chini ya mwili wakati wa upasuaji na kuunguza. Likiwa na umbo la pembe nne pajani au makalioni, fikiria sahani ya kisu cha umeme, yaani bamba linalobandikwa kwenye ngozi wakati kisu hicho kinatumika. Yote mawili yaripotiwe hospitali ulikopasuliwa, hata kama hayaumi.

Kisiginoni, hasa likiwa la zambarau au lenye damu: ni la mgandamizo. Baada ya ganzi ya mgongo mtu hulala saa nyingi bila kuhisi kisigino. Weka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie bila kugusa godoro. Mto chini ya kisigino chenyewe hauondoi mgandamizo.

Kifundo cha mguu, muundi au kiwiko kilichovunjika huweza kutoa malengelenge saa 24 hadi 48 baada ya kuumia, mara nyingi kabla hata ya upasuaji. Chanzo ni uvimbe unaosukuma maji juu. Yenye maji meupe ni ya juujuu. Yenye damu yameingia ndani zaidi na huacha alama. Ukiambiwa upasuaji umeahirishwa hadi ngozi itulie, daktari ameamua vyema, kwani kukata kupitia lengelenge la damu ni kukaribisha vijidudu kwenye vyuma.

Mawili ya mwisho hayangoji asubuhi. Malengelenge meusi, ya zambarau au yenye maji machafu, ngozi ikiuma kupita kinachoonekana, uvimbe ukipanda kwa saa, na mgonjwa akiwa amelegea au ana homa: huenda ni maambukizi yanayooza tishu za chini, na tiba yake ni kurudishwa chumba cha upasuaji haraka. Na malengelenge au michubuko mdomoni, machoni na sehemu za siri pamoja na vipele mwilini kote, siku au wiki chache baada ya kuanza dawa mpya: huo ni mzio mkali wa dawa. Nenda dharura sasa hivi ukiwa na dawa zote mkononi, na usimeze nyingine kabla ya kuonwa.

KULITUNZA LENGELENGE

Anza kwa kuondoa chanzo. Plasta inayovuta itolewe, hata kama bandeji ilikuwa bado haijafika siku yake, na kiungo kinyanyuliwe juu ya usawa wa moyo. Chora mpaka wa lengelenge kwa kalamu, andika saa na upana wake kwa sentimita.

Dogo, lisilozidi sentimita moja au mbili na lisilokaza, liache zima. Ngozi iliyolifunika ni kifuniko bora kuliko chochote kinachouzwa: ni safi, inakaa sawasawa, na haisuguani na nyama iliyo chini. Safisha juu yake kwa maji ya chumvi, kausha kwa kugusagusa, weka gozi isiyonata, juu yake gozi ya kunyonya, kisha zungushia bandeji. Usitumie plasta tena kwenye ngozi hiyo. Bandeji ikaze kiasi cha kidole kimoja kupita chini yake, na vidole vya mguu au mkono vibaki na joto na rangi yake. Mwili utayanywa maji yale wenyewe ndani ya siku kadhaa.

Kubwa, lililokaza, au lililo mahali linapokaribia kupasuka lenyewe, apunguze maji muuguzi. Atasafisha, atatoboa kwa sindano safi kwenye ukingo wa chini ambako maji yanaelekea, atayakamua taratibu kwa gozi na kuiacha ngozi ya juu ilale mahali pake. Kitendo hiki si kigumu, na ndiyo maana watu hukifanya nyumbani kwa pini ya nguo. Tunashauri usikifanye. Lengelenge liko sentimita mbili kutoka kwenye mshono, na pengine chini ya mshono kuna chuma au kiungo bandia. Kijidudu kinachoingia hapo hakina umbali wa kwenda, na vyuma vikishaambukizwa huenda vikalazimika kutolewa. Kwa mwenye kisukari, mwenye miguu yenye damu haba, au lengelenge la kisigino, hata muuguzi ataomba daktari alione kwanza.

Likipasuka lenyewe, liosheni kwa maji ya chumvi, lisukumeni kwa upole lile gamba la ngozi lirudi kufunika nyama, wala msilikate. Ngozi iliyokufa na kujikunja, nyeupe na yenye harufu, itaondolewa na muuguzi. Juu yake weka gozi yenye mafuta ya mgando, kisha ya kunyonya, kisha bandeji. Badilisha kila siku moja hadi tatu, au mara inapolowa. Kila kubadilisha bila sababu ni kuisumbua ngozi changa. La maji meupe huota ngozi mpya kwa wiki moja hadi mbili. La damu huchukua muda mrefu zaidi.

La mzio hupoa kitu kilicholeta kikiondolewa. Mafuta ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio) husaidia muwasho, lakini yaandikwe na daktari, na yasipakwe juu ya mshono wenyewe kwa sababu hupunguza kasi ya kupona. Jina la kitu kilichokudhuru liandikwe kwenye cheti chako, kwa herufi kubwa. Usipolitaja upasuaji ujao, utafungwa kwa kitu kilekile.

NAMNA YA KUBANDIKA NA KUBANDUA PLASTA

Hapa ndipo malengelenge mengi yangezuiwa, kwa hiyo tuende taratibu.

Ngozi iwe kavu kabisa. Nywele ndefu zipunguzwe kwa mkasi. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana. Shika plasta kwa ncha zote mbili bila kuivuta, gusisha katikati kwanza juu ya gozi, kisha ilaze kwa vidole kwenda upande mmoja na mwingine. Kosa la kawaida ni kubandika ncha moja, kuivuta ikaze, na kubandika ya pili. Plasta hiyo itajaribu kurudi kwenye urefu wake usiku kucha, na ngozi ndiyo itakayofuata. Ncha zivuke gozi kwa sentimita 2 hadi 3 tu. Goti lifungwe likiwa limekunjwa kidogo, si limenyooka kama fimbo. Usizungushe plasta kiungo kizima kama pete. Kikivimba, damu haipiti.

Kubandua: inua kona moja, weka vidole vya mkono mwingine kwenye ngozi iliyo jirani uishike isinyanyuke, kisha rudisha plasta nyuma juu ya yenyewe, ikiwa imelala sambamba na ngozi, kidogo kidogo. Ukiivuta kuelekea juu, unanyanyua ngozi. Anza ncha za nje ukielekea mshono, kutoka pande zote mbili, ili usizivute kingo ziachane. Maji ya vuguvugu au mafuta kidogo kwenye gundi hulegeza, ila palipopakwa mafuta paoshwe kabla ya kubandika tena. Kwa wazee, watoto wachanga na wanaotumia steroidi kwa muda mrefu ngozi ni nyepesi mno. Kwao bandeji ya kuzungushia itumike tangu mwanzo.

DALILI ZA KUKURUDISHA HOSPITALI

Maambukizi ya mshono huonekana zaidi kati ya siku ya 5 na ya 10, ingawa huweza kuja hadi siku 30, na kwa waliowekewa vyuma au viungo bandia hadi siku 90 au hata baadaye. Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yaliyokuwa yamepungua yakaanza kupanda yana habari ya kusema. Joto la mwili la 38 au zaidi baada ya siku ya tatu, usaha mzito wa manjano au kijani, harufu mbaya, ugumu unaopanuka, au michirizi inayopanda kiungo: nenda siku hiyohiyo. Homa ndogo katika saa 48 za kwanza mara nyingi hutokana na upasuaji wenyewe, lakini homa kali na maumivu makali siku hizo mbili ni jambo la haraka zaidi, si dogo zaidi.

Kwa mkato wa tumbo kuna dalili moja ambayo kila muuguzaji aijue. Kati ya siku ya 5 na ya 10, mshono uliokuwa mkavu ghafla unatoa maji mengi ya waridi na kulowesha nguo, pengine baada ya kukohoa. Hayo ni maji ya tumboni, na maana yake tabaka la chini limeachia. Usingoje kuona kitu kingine. Utumbo ukitokeza, mlaze mgonjwa chali magoti yakiwa yamekunjwa, funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi, usiurudishe ndani, usimpe chakula wala maji, mpeleke. Kitambaa kisikauke njiani.

Uvimbe laini unaotikisika chini ya mshono, usio na joto, mara nyingi ni maji yaliyokusanyika. Madogo hunyonywa na mwili yenyewe. Makubwa hutolewa hospitali.

KUTOA NYUZI

Usoni siku 3 hadi 5. Kichwani, tumboni na mikononi 7 hadi 10. Mgongoni na miguuni 10 hadi 14, na juu ya viungo vinavyokunjwa siku 14. Mwenye kisukari au anayetumia steroidi huongezewa siku. Zikikaa mno huacha alama za vijistari vya kukatiza. Zikitolewa mapema, kingo zinaachia. Muuguzi hunyanyua fundo, hukata uzi chini yake, ukigusa ngozi, upande mmoja tu, kisha huvuta. Kwa njia hiyo sehemu ya uzi iliyokuwa nje haipitishwi ndani ya nyama. Kwanza hutolewa moja na kurukwa moja. Kingo zikitulia, zinamaliziwa zilizobaki. Vipande vya plasta ya kuunganisha vikiwekwa baadaye, viache vidondoke vyenyewe.

Nyuzi zinazoyeyuka hazitolewi. Wiki kadhaa baadaye ncha ya uzi huweza kuchungulia kama kipele. Usiivute, muuguzi ataikata usawa wa ngozi.

MWILI UNAOJENGA

Mshono hujengwa kwa protini. Mtu mzima anayepona anahitaji takriban gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 75 hadi 90 kwa mwenye kilo 60. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo uji mtupu hautoshi. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe na daktari. Kisukari kidhibitiwe, sukari isizidi milimoli 10 kwa lita, maana ikipanda chembe nyeupe huzembea kazini. Sigara iachwe: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ileile inayolisha kingo za mkato, na ngozi ya pembeni inaweza kufa ikawa nyeusi.

Baada ya mkato mkubwa wa tumbo usinyanyue kinachozidi kilo 4 hadi 5 kwa wiki sita. Ukikohoa au kupiga chafya, kandamiza mto juu ya mshono kwa mikono yote miwili. Choo kigumu kitibiwe mapema, kwa sababu kusukuma huvuta nyuzi kama kunyanyua mzigo.

KOVU

Kovu jipya huwa jeusi, gumu na limeinuka kwa miezi michache, kisha hulainika polepole hadi mwaka au zaidi. Mkato uliofuata mielekeo ya asili ya ngozi, ambayo Karl Langer wa Vienna aliichora mwaka 1861, huacha kovu jembamba. Uliokatiza mielekeo hiyo hupanuka, na hilo halimaanishi umetunzwa vibaya. Wiki moja au mbili baada ya nyuzi kutoka, kigaga kikiwa kimekwisha, anza kulisugua kwa ncha ya kidole na mafuta yasiyo na manukato, dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku. Karatasi za silikoni zivaliwe saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi miwili hadi mitatu. Jua lizuiwe kwa nguo au kwa mafuta ya kujikinga yenye kipimo cha 30 au zaidi kwa mwaka mzima.

Doa la lengelenge kwenye ngozi nyeusi huweza kubaki jeusi au jeupe kwa miezi mingi. Rangi hurejea yenyewe kwa walio wengi, na krimu za kujichubua hulifanya baya zaidi. Kovu linaloinuka lakini likabaki ndani ya mipaka ya mkato huweza kunywea lenyewe. Linalovuka mipaka, likiwasha na kuendelea kukua, ni keloidi, na huwapata zaidi wenye ngozi nyeusi. Lionyeshwe kwa daktari wa ngozi likiwa bado dogo, maana sindano za steroidi hulituliza vizuri wakati huo, na kulikata peke yake bila tiba nyingine mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi.